Faili za LabVIEW: Tufunge au Tuunganishe?

Anayeandika programu kwa maandishi haogopi sana mwenzake kuigusa faili ileile. Git, programu ya kutunza matoleo ya faili za timu, hulinganisha mstari kwa mstari: wewe ukibadilisha mstari wa 10 naye akabadilisha wa 200, kazi zote mbili zitakaa pamoja bila ugomvi. Kwenye LabVIEW, lugha ya michoro iliyotolewa na National Instruments ya Marekani mwaka 1986, mambo hayaendi hivyo. Programu ni visanduku vilivyounganishwa kwa nyaya, na faili inayohifadhi mchoro huo ni ya baineri, yaani haisomeki kama maandishi. Hakuna mstari wa 10. Wawili wakiibadilisha, Git inawataka wachague toleo moja, na kazi iliyo kwenye toleo la pili inabaki nje.

Hapo ndipo timu hugawanyika. Wapo wanaosema faili zifungwe: anayetaka kuhariri achukue kufuli kwanza, na kwa wengine faili ibaki ya kusoma tu. Perforce na Subversion, mifumo mingine ya kutunza matoleo, wanalo kufuli hilo (Subversion tangu toleo la 1.2 la mwaka 2005), na Git LFS, nyongeza ya Git kwa faili kubwa, walilipata mwaka 2017. Wapo wanaolikataa, na hoja zao si za uvivu. Mtu hufunga faili Ijumaa, akasafiri, na kazi ya wenzake ikasimama. Tena kufuli huzuia watu wawili kuhariri kwa wakati mmoja tu; halimlindi anayeanza na toleo lililopitwa. Juma akimaliza kazi kwenye tawi lake (mkondo wa kazi unaoendelezwa kando na mwingine) na kuachia kufuli, Asha anaweza kuifunga faili hiyohiyo kwenye tawi lingine ambalo mabadiliko ya Juma hayajafika. Siku ya kuunganisha matawi, mgongano uko palepale.

Lakini naona pande zote mbili zinabishana juu ya ajali iliyo nyepesi, kwa sababu mgongano angalau unapiga kelele. Inayoumiza ni ile ya kimya. Asha ameacha mradi wazi kwenye LabVIEW, kisha anavuta mabadiliko ya Juma kutoka kwenye seva. Faili iliyo kwenye diski sasa ni mpya, ila LabVIEW ilikwisha kupakia ya zamani kwenye kumbukumbu ya kompyuta na bado inaishikilia. Asha anasogeza waya mmoja, anahifadhi. Toleo la zamani linafunika kazi ya Juma. Git haioni kasoro yoyote: kwa hesabu yake Asha amevuta kila kitu, halafu akabadilisha kwa hiari yake. Kazi inapokelewa, na Juma atagundua wiki mbili baadaye, kipimo kikianza kutoa namba za ajabu.

Dawa ya hilo ni kuizima LabVIEW yenyewe kabla ya kuvuta au kuhama tawi. Kufuli nalo husaidia hapa, na ni faida ambayo hata watetezi wake huisahau: faili ambayo Asha hakuifunga ni ya kusoma tu, kwa hiyo hawezi kuihifadhi kwa bahati mbaya.

Kuna chanzo kingine cha migongano. Ukibadilisha aina ya data inayotumiwa na michoro hamsini, LabVIEW inaweza kuikusanya upya yote (yaani kuigeuza tena kuwa msimbo wa kompyuta) na kuweka kinyota kwenye kichwa cha kila dirisha, kisha ikauliza kama ihifadhi. Mwenye haraka anakubali, na faili hamsini ambazo hakuzigusa kwa mkono zinaingia kwenye historia, kila moja ikisubiri kugongana na kazi ya mtu. Tangu LabVIEW 2010 kuna chaguo la kutenganisha msimbo uliokusanywa na mchoro wenyewe, na hilo hupunguza sana usumbufu huu. Sioni sababu ya timu kuanza mradi mpya bila kuliwasha.

Chombo cha LVMerge, cha kuunganisha matoleo mawili ya mchoro, kipo kwa wanaopenda kuunganisha. Nakiamini kwa mabadiliko madogo; mchoro ukijaa nyaya, ni heri wahusika wawili wakae kwenye kiti kimoja na kuchora upya. Msimamo wangu basi ni huu: zifungwe faili chache ambazo kila mtu hupita, yaani mchoro mkuu na aina za data za pamoja. Zilizobaki ziachwe huru, mradi michoro ivunjwe vipande vidogo kiasi kwamba watu wawili ni nadra kuhitaji kimoja kwa siku moja.

Mgongano ukitokea hata hivyo, usichague kwa mazoea. Ukitumia amri ya git rebase, inayohamishia kazi yako juu ya tawi lingine, maneno "ours" (yetu) na "theirs" (yao), ambayo Git hutumia kutaja matoleo mawili, hubadilishana nafasi: "ours" inakuwa ya tawi unalohamia, na kazi yako ndiyo inayoitwa "theirs". Fungua matoleo yote mawili kwa LVCompare, chombo cha kulinganisha michoro, uyaone kwa macho, ndipo uchague.