Waasi wa Paris na Mfanyabiashara Wao

Habari ya Waimpresionisti tumezoea kusimuliwa hivi: wachoraji vijana wenye vipaji walikataliwa na wazee wa Salon, maonyesho rasmi ya sanaa mjini Paris, wakaanzisha maonyesho yao wenyewe, wakachekwa, kisha dunia ikaja kuwapa haki yao. Ni hadithi tamu. Lakini wapo wanahistoria wanaoiona kuwa tamu kupita kiasi, na hoja zao si za kupuuza.

Kwanza tuwape waasi nafasi yao. Kwa mchoraji wa Ufaransa wa wakati ule, Salon ndiyo ilikuwa mlango wa riziki. Mwaka 1863 jopo la waamuzi lilikataa zaidi ya nusu ya kazi zilizoletwa, manung'uniko yakawa mengi hata Mfalme Napoleon III akaamuru waliokataliwa watengewe ukumbi wao. Humo Édouard Manet alionyesha mwanamke aliye uchi, ameketi nyasini na wanaume waliovaa suti za kila siku. Watu walichachamaa. Mwaka huohuo Mfalme alinunua picha ya Alexandre Cabanel ya kuzaliwa kwa Venus, mwanamke aliye uchi vilevile, amejilaza juu ya mawimbi. Kwa hiyo uchi wenyewe haukuwa shida. Venus alikuwa mungu wa hadithi za kale na amejifunika macho kwa mkono. Mwanamke wa Manet ni mtu wa Paris, na anakukazia macho. Tena Cabanel alilainisha rangi hadi alama za brashi zisionekane, Manet akaziacha wazi.

Tarehe 15 Aprili 1874, Monet, Renoir, Degas, Pissarro na wenzao wakafungua maonyesho katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar. Mhakiki Louis Leroy aliishika picha ya Monet ya mapambazuko bandarini Le Havre, iliyoitwa Impression, soleil levant, akawabandika jina la kejeli, Waimpresionisti, ambalo wamebaki nalo hadi leo.

Sasa upande wa pili. Waasi hawa walijisajili kama kampuni, wakatoza kiingilio cha faranga moja. (Kampuni yenyewe ilivunjwa kabla ya mwaka kwisha, ikiwa na madeni.) Mwaka 1879 Renoir alikuwa amerudi Salon, na picha yake ya Bi Charpentier na watoto wake ikasifiwa, mwaka uliofuata Monet naye akarudi. Manet, anayeitwa kiongozi wao, hakuonyesha nao hata mara moja. Nyuma yao alikuwepo mfanyabiashara wa picha Paul Durand-Ruel, aliyekutana na Monet na Pissarro London wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870, na ambaye mwaka 1886 alipeleka New York picha zipatazo 300. Ongeza tyubu za bati za rangi, zilizopewa hataza mwaka 1841 na kuchukua nafasi ya vibofu vya nguruwe vilivyohifadhi rangi, pamoja na treni za kwenda Argenteuil, mji ulio karibu na Paris. Wenye shaka husema mapinduzi yote yamo humo: vifaa, usafiri na soko.

Hoja ya vifaa hainiridhishi. Wanafunzi wa Cabanel walitumia tyubu zilezile. Na mchoraji Mwingereza John Constable alikuwa akichora mawingu ya Hampstead, London, kwa rangi za mafuta, palepale nje, mwaka 1821 na 1822, tyubu hazijabuniwa. Tyubu ilirahisisha kazi, lakini uamuzi wa kuipeleka ufukweni ulikuwa wa mchoraji. Katika picha ya Monet ya ufukwe wa Trouville ya mwaka 1870, iliyopo National Gallery ya London, chembe za mchanga zimenasa ndani ya rangi yenyewe. Upepo ulimkuta kazini.

Hoja ya soko ina uzito zaidi. Ni kweli mamlaka ya kusema picha ipi ni nzuri yalihama kutoka kwa jopo kwenda kwa mwenye duka, na sioni kwa nini tushangilie hilo bila kusita. Lakini kumwita Durand-Ruel mjanja aliyenusa faida ni kusoma hesabu kwa kuanzia mwisho. Benki ya Union Générale ilipoanguka mwaka 1882, nusura aanguke nayo. Kwa miaka mingi alinunua picha zilizokosa wateja.

Shahidi ninayemwamini zaidi ni mchoraji Berthe Morisot, ambaye pande zote mbili humtaja kwa kupita tu. Shule kuu ya serikali ya sanaa haikupokea wanawake hadi 1897, lakini Salon ilimkubali Morisot tangu 1864. Hakuwa mtu wa kukataliwa anayetafuta pa kutundika picha zake. Mwaka 1874 aliuacha mlango uliokuwa wazi kwake na kujiunga na kundi lililokuwa likichekwa. Katika maonyesho yao 8 alikosa moja tu, la 1879, baada ya kujifungua.