MRI ya slaisi nyembamba: ni bora kweli au tunabishania namba isiyo yenyewe?

Watu wakishafungua picha zao za MRI kwenye kompyuta, ubishi wa kwanza huwa ni unene wa slaisi (kipande kimoja cha picha ya mwili), huyu kapigwa za 5 mm, yule za 1 mm, basi inaamuliwa hapohapo kwamba wa 5 mm kapunjwa. Kuna ukweli humo ila sio wote.

Slaisi ina kina, yani chochote kilichopo ndani ya hizo 5 mm kinachanganywa na kupewa kijivu kimoja, so doa la 2 mm likiangukia humo linachanganyika na tishu zinazolizunguka na linaweza kufifia hadi usilione. Anayetafuta kitu kidogo kwenye tezi ya pituitari (kitezi kidogo chini ya ubongo) anahitaji wembamba, hapo hakuna mjadala. Kwa ugonjwa wa MS (multiple sclerosis, unaoshambulia ubongo na uti wa mgongo) miongozo ya kimataifa yenyewe inataka zisizidi 3 mm, bila gepu, yani bila nafasi kati ya slaisi na slaisi.

Lakini signali inatoka kwenye protoni za haidrojeni zilizomo kwenye vokseli (kijichemba kimoja cha picha, chenye kina sawa na unene wa slaisi), ukikata unene nusu umekata protoni nusu, signali inashuka nusu na kelele, yani chengachenga za picha, iko palepale. Kuirudisha inabidi upige mara nne, maana ukirudia mara nne ubora unapanda mara mbili tu, kwa iyo skani ya dakika 3 inakuwa ya 12, na mtu mwenye maumivu ya mgongo umwambie asitikisike dakika zote hizo! Akitikisika, wembamba wako umeenda na maji. Skani za 3D, zinazopiga eneo zima kwa pamoja badala ya slaisi mojamoja, zinapunguza hili tatizo na zinafika 1 mm vizuri tu, ila zenyewe mtikisiko mmoja unachafua seti nzima.

Kwa mtazamo wangu namba inayostahili ubishi ni ile nyingine, spesingi, ambayo wengi hata hawaiangalii. Hiyo inapimwa kutoka katikati ya slaisi moja hadi katikati ya inayofuata. Unene 5 na spesingi 6, kuna gepu la 1 mm ambalo halikupigwa kabisa. Gepu sio uvivu wa fundi, pulsi ya redio (wimbi fupi linalochagua slaisi ya kupigwa) haikati kingo wima, inamwagikia slaisi jirani, na jirani ikifika zamu yake protoni zake bado hazijatulia, signali inapungua. Ndo maana wanaacha kama 10 hadi 20% ya unene, au mashine inapiga namba witiri kwanza afu inarudia shufwa. Spesingi ikiwa ndogo kuliko unene, mfano spesingi 1 kwa unene 2, slaisi zinapandiana, na mara nyingi ni kompyuta imejaziliza katikati, picha inakuwa laini lakini taarifa mpya hamna.

Anayetengeneza modeli ya 3D akaweka unene badala ya spesingi ndo anaumia zaidi, slaisi 20 za mfano wetu wa unene 5 na spesingi 6 zinatakiwa zifike 114 mm katikati kwa katikati, yeye anapata 95, kichwa kimebonyea.

Na ukilinganisha skani ya mwaka jana ya 3 mm bila gepu na ya leo ya 5 mm yenye gepu, usishangilie haraka doa likionekana limepungua, angalia kwanza kama unene na spesingi vya skani hizo mbili vinafanana.