Hasadi haiozeshi muhogo jamani

Juzi kwenye grupu letu la kijiji ikarushwa voisi ndefu, mtu mzima na akili zake analalama kuwa konde lake la muhogo limeoza lote chini, kaenda kuchimba wa futari kakuta mizizi ina madoa ya kahawia makavu ndani, haupikiki, na mwenye kosa ati anamjua: ni yule bibi jirani, kwa sababu alipita siku za nyuma akasimama akasema mashaallah muhogo umestawi. Wenziwe wakadakia hapo hapo, jicho hilo, mtafute maalim akusomee. Na bibi mwenyewe yumo kwenye grupu! Kasikiliza yote, hakujibu neno. Wallahi niliona aibu kwa niaba ya watu.

Kinachonichoma zaidi, mbegu ya ule muhogo kapewa na bibi huyo huyo. Kamkatia vijiti kwake, bure, kwa mapenzi, kama tunavopeana siku zote huku Pemba. Na hapo ndo ugonjwa ulipopita! Yaani ni kweli umetoka kwa bibi, ila haukupita kwenye jicho, umepita kwenye kijiti. Wewe uliepewa ulibeba na ulipanda mwenyewe, leo unatafuta mchawi.

Muhogo sisi hatupandi kokwa, tunapanda shina. Kile kijiti si mtoto wa muhogo, ni muhogo ule ule unaendelea: seli za pale kwenye vifundo na kwenye mkato zinajigawa, nyengine zinakuwa mizizi nyengine chipukizi, na kila seli mpya inachukua urithi wa ile ya mwanzo. Ndo maana muhogo mtamu wa babu mpaka leo mtamu kwa mjukuu, na hapo kila mtu anafurahi. Lakini kama ndani ya seli mna kirusi, na yeye yumo safarini. Kirusi hakikai juu ya ganda useme utakiosha, kinaingia ndani ya seli kikaitumikisha imzalishie wenziwe. Umeazima godoro la mtu, umebeba na kunguni. Na dawa ya kupuliza usihangaike nayo, labda itaua wale nzi weupe wanaokihamisha mti hadi mti, kilichokwishaingia ndani hakitoki.

Huu wa kuozesha ni mnafiki hasa. Batobato, ule ugonjwa mwengine wa muhogo, utaiona tu, majani yanajikunja yanaingia umanjano. Huu mwengine mti unaweza kunawiri vizuri mtu wa watu akausifu kwa moyo safi, kumbe chini kwishakuwa. Na wala si mambo ya minara ya simu (eti na hilo lilisemwa), batobato imeandikwa upande wa Bara tangu 1894 na huu wa kuoza 1936 na watafiti wa Amani kule Tanga, simu ya mkononi ilikuwapo? Hata mikarafuu ilipokuwa ikifa ghafla zamani yalisemwa mengi, mwisho wake ikaonekana kuvu anamaliza mizizi midogo.

Skuli sote tumechora seli ya kitunguu. Tumeipaka aidini, tumeandika nyukliasi kwa mshale, tumepata maksi zetu, na nje ya dirisha muhogo wa skuli umejikunja majani hakuna hata mmoja alieunganisha hivi vitu viwili. Maarifa ya daftari hayo. Kumbe lililotakiwa ni dogo: vijiti si tunakata siku ya kuchimba? Basi pasua mizizi ya shina lile lile kwanza, ukikuta doa hata moja usipande, usimpe mtu, choma moto, na kama umekuwa mkarimu sana mpe jirani mchele.

Haya, nakubali, mbegu safi zipo. Kizimbani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, wametoa mbegu kina Machui na Mahonda, zinahimili ugonjwa, na mbegu mpya hupatikana kwa kuchanganisha maua, maana kokwa ndo mtoto kweli, kila moja na sura yake. Hata muhogo mgonjwa husafishwa, wanachukua seli za ncha kabisa ya chipukizi ambako kirusi mara nyingi hakijafika wanazikuza kwenye chupa. Mzuri. Na ladha, mie kwa nazi bado nnataka ule wa zamani, sibishani na mtu. Ila Kizimbani iko Unguja! Mkulima wa Micheweni apande boti akafuate vijiti, nauli tu inashinda konde zima, halafu mnamlaumu kwa kuomba kwa jirani? Zileteni huku kabla ya masika, shehia kwa shehia, vijiti vyenyewe, si semina nyengine ya chai na maandazi na fulana.