Kanda hazikuwa haki hata kidogo
Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba kabla ya drafti ya kwanza ya 1986, yaani utaratibu wa klabu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, kanda za mikoani zilizipa nafasi sawa klabu zote za VFL, ligi ya kandanda ya Kiaustralia ya jimbo la Victoria. Hapana, ilikuwa bahati nasibu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kila klabu iligawiwa eneo lake la Victoria, na kijana wa eneo hilo hakuwa na hiari, alikuwa wa klabu hiyo tu. Tazameni klabu ya Hawthorn: waliangukia upande wa rasi ya Mornington, ambako mji wa Melbourne ulikuwa unatanuka na watu wanazidi kuhamia. Huko wakawapata wachezaji Leigh Matthews kutoka mtaa wa Chelsea, Michael Tuck kutoka Berwick, kisha Dermott Brereton kutoka Frankston. Waliopewa kanda duni walihangaika misimu nenda rudi. Na viongozi hawakubadilika kwa hiari yao, maana mwaka 1983 mchezaji Silvio Foschini, aliyetaka kutoka klabu ya Swans kwenda klabu ya St Kilda, ilibidi aende mahakamani ili aachiliwe, akashinda. Mnaotetea kanda, mngemwambia nini mchezaji kama yeye?