Mpira Haukurudi Nyuma, Acheni Uzushi

Kwanza tuwekane sawa. Ile voisi ya dakika nne inayozunguka kwenye magrupu tangu Jumapili, ile ambayo msemaji anacheka mpaka anakohoa, ni ya kipa wetu, na robo tatu yake ni chumvi. Anadai faulo yangu ilirudi nyuma, na kwamba nilimlenga mjomba wa mchumba wangu. Mpira haukurudi nyuma. Mpira wangu ulipinda kulia wakati ulitakiwa kupinda kushoto. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na mtu aliyesikiliza darasani angeiona tofauti. Kipa wetu darasani alikuwa anakaa dirishani, anahesabu minazi.

Pili, sikumlenga mjomba. Nani mwenye akili zake anamlenga mjomba wa mchumba wake? Huku kwetu Kusini mnajua wenyewe: baba mtu anaweza kukuchekea, mama mtu akakupikia, lakini mjomba asiposema ndiyo, wewe bado ni mpita njia uliyekaribishwa maji.

Na mjomba alishuka na basi kutoka Newala kuja "kuniangalia tu". Mimi mwenyewe ndiye niliyesema, kwa mdomo wangu huu, kwa nini asije kuniangalia uwanjani.

Wa Mikindani mnaijua ile bonanza. Mtaa wa juu na mtaa wa chini, mshindi anaondoka na mbuzi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, ni kocha wa mtaa wa chini, na kwa kuwa ada ya jezi nalipa mimi, ni mchezaji pia. Msiniulize umri.

Tatizo lilianza na mpira. Ulikuwa wa kushona, ule wa vipande 32, na mshono wa karibu na pua, pale pa kujazia upepo, ulikuwa umeachia kiasi kwamba kibofu kimeanza kuchungulia. Mwenye akili angechukua sindano na uzi wa viatu. Mimi nilikwenda dukani nikanunua solotepu, ile pana ya kahawia ya kufungia makatoni. Nikauzungushia mpira mzima, nusu ya utepe juu ya nusu. Halafu, na hapa ndipo ninapojichukia, nikachukua kijiko nikaupiga pasi kwa mgongo wa kijiko. Kila kikunjo nikakilaza, kila mfereji wa mshono nikaufunika. Ulipokwisha unang'aa kama embe lililopakwa mafuta. Nikaupitisha kwenye mizani ya muuza dagaa: gramu 445. Sheria inataka 410 hadi 450. Mzunguko sentimeta 70, nao umo kwenye 68 hadi 70. Nikajiona fundi.

Upepo niliujaza asubuhi kivulini mpaka geji ikasoma 0.8. Sheria inaruhusu 0.6 hadi 1.1 za atmosfia. Vijana wakauacha juani juu ya mchanga, na saa tisa geji ilikuwa inasoma 0.9. Hakuna aliyeongeza. Hewa iliyofungiwa ikipata joto inasukuma zaidi, basi. (Mnaocheza kwenye mchanga, pimeni tena kabla ya kuanza. Mpira wa asubuhi si wa alasiri, na mpira mgumu unatoka mguuni haraka hata hujamaliza kuuchonga.) Hilo nililijua. Nililitolea hadi zoezi pale pale, nikawauliza vijana wa kidato cha tatu jibu. Mjomba alikuwa anasikiliza. Aliguna kidogo, ile guna ya "huyu mtoto ana kitu". Ndugu zangu, ile guna ndiyo iliyoniponza.

Mapumziko tunadaiwa bao moja. Badala ya kupanga mabeki nikachukua kijiti nikachora mchangani. Nikawaeleza Magnus, Mjerumani aliyeichunguza mwaka 1852 hii nguvu inayopindisha mpira unaozunguka. Nikawaeleza Newton, ambaye tangu 1672 alishaandika jinsi mpira wa tenisi unavyopinda ukipigwa kwa raketi iliyoinamishwa. Nikawaeleza Roberto Carlos, tarehe 3 Juni 1997, Lyon, Brazili na Ufaransa: faulo ya mita kama 35, nje ya mguu wa kushoto, mpira ukatoka mbali hadi muokota mipira akainama, halafu ukarudi ukagonga mlingoti ukaingia, na Barthez, kipa wa Ufaransa, kasimama kama amepandwa pale. Mjomba akauliza, "Ulirudi?" Nikamjibu, "Ulirudi, mjomba. Hata mimi naweza kukuonyesha."

Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Niliropoka mwenyewe.

Dakika ya themanini na kitu, faulo. Mita 22 kutoka golini, kushoto kidogo mwa katikati. Mwenye mguu wa kulia kama mimi angeiombea dua nafasi kama ile. Kusi lilikuwa limetulia, majani ya minazi hayachezi. Nasema hivi kwa sababu kuna mdau ameandika kwamba ni upepo. Ahsante kwa huruma yako, lakini hapana. Upepo haukuwepo, na unyevu wa bahari usiusingizie pia. Hewa yenye unyevu ni nyepesi kuliko kavu, si nzito kama watu wanavyodhani, na tofauti yenyewe ni ndogo mno kwa mpira wa miguu.

Nikahesabu hatua kumi, nikaupanga ukuta wao mimi mwenyewe: mita 9.15. Halafu nikafanya jambo ambalo kipa wetu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, amelisimulia bila kuongeza hata neno. Nilimwendea mjomba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mkorosho, mbali, salama, kanzu nyeupe, bakuli la ming'oko, vile viazi pori vyetu, mapajani. Nikakibeba kile kiti. Nikakiweka nje ya mlingoti wa kulia, hatua tatu na nusu, nyuma kidogo ya mstari. Nikamwambia, "Mjomba kaa hapa. Utauona mpira unakuja kwako kabisa, halafu unabadili mawazo."

"Usipobadili?"

"Hii ni sayansi, mjomba."

Akakaa. Akachukua mng'oko mmoja, akaanza kuumenya kwa kidole gumba.

Sasa twende taratibu.

Nimeuweka mpira, pua inanitazama. Nimerudi hatua nne, mbili kushoto, mwili uko kama nyuzi 45. Nakimbia. Mguu wa kushoto unatua pembeni mwa mpira, umbali wa shibiri moja, kidole kinaelekea kwenye mlingoti. Mguu wa kulia unakuja na ile fundo ya dole gumba, haugongi katikati, unagonga nusu ya kulia na chini kidogo, halafu unapita mbele ya mwili kuelekea kushoto. Sauti yake ilikuwa safi. Nilijua nimeupatia. Ukiutazama kwa juu, ulikuwa unazunguka kinyume cha mshale wa saa, na hilo ndilo nililotaka.

Unapita kulia kwa ukuta. Hakuna aliyeruka. Beki wao wa mwisho anageuka anautazama kwa dharau, kwa sababu unaelekea nje mita moja na nusu, na mimi nimeshanyoosha mikono. Nilikuwa nashangilia, jamani. Mpira bado uko hewani na mimi nashangilia, kwa sababu hesabu inasema mpira wa namna hiyo kwa kasi ya kilometa 70 na kitu kwa saa husukumwa ubavuni kwa nguvu kama uzito wa gramu 180. Haifiki hata robo kilo ya sukari, lakini ikisukuma sekunde nzima inatosha kuuleta ndani kama mita mbili.

Nusu ya safari. Unapinda. Naona kabisa kwamba unapinda.

Unapinda kulia.

Mjomba ameona. Mng'oko uko nusu ya njia kwenda mdomoni. Hakukwepa, na mimi namwelewa: ameshaambiwa na mwalimu kwamba mpira utabadili mawazo, na yeye ni mtu mwenye heshima, anausubiri ubadili. Anautazama kwa utulivu wa mtu anayesubiri chenji. Unakuja. Bado unakuja. Naona macho yake yanauacha mpira, yanakuja kwangu, kama kuniuliza: ni sasa hivi, au bado kidogo?

Ukagonga bakuli kwa chini. Ming'oko ikaruka yote, ikapanda, ikasimama juu kidogo kama inafikiri, ikashuka juu ya kofia, mabega, na mbuzi wa zawadi aliyekuwa amefungwa pale pale. Mpira wenyewe ukaishia kifuani pa mjomba, na haukudunda. Ncha ya solotepu ilikuwa imebanduka kwa jua, upande wa gundi ukatazama nje, ukakamata kanzu. Mjomba akasimama. Mpira nao ukasimama naye. Akapiga hatua moja kuja kwangu na ule mpira wa kahawia unaning'inia kifuani kama mtoto aliyebebwa, unabembea, mpaka solotepu ikaachia, krrrrrp, ukaanguka na kumwachia kanzuni mstari wa vumbi na gundi kuanzia kifungo cha pili kwenda chini.

Uwanja mzima kimya. Hata mbuzi ameacha kutafuna.

"Mwalimu," mjomba akasema, kwa upole ulionikata miguu. "Ulisema utabadili mawazo. Naona kazi hiyo umeniachia mimi."

Mnataka kujua kwa nini? Usiku ule sikulala, nililijua jibu kabla ya saa nne, na ni la aibu kuliko kosa lenyewe, kwa sababu nilishalifundisha mwezi wa tatu.

Mpira wa kawaida ukizunguka vile, upande wa kushoto ngozi yake inakwenda njia moja na hewa inayopita, upande wa kulia inapingana nayo. Kushoto hewa inaambaa na mpira mpaka karibu na kisogo ndipo inaachia. Kulia inaachia mapema. Kwa hiyo mkia wa hewa nyuma ya mpira unatupwa kulia, mgandamizo wa kushoto unakuwa mdogo kuliko wa kulia, na mpira unakwenda kushoto. Huyo ndiye Magnus, na mpaka hapo nilikuwa sahihi.

Lakini yote hayo yanategemea mishono. Hewa inayopita kwenye mpira laini inateleza kimya kimya, na hewa ya namna hiyo ni mvivu, inaachia mapema. Mishono inaivuruga, na hewa iliyovurugika ndiyo inayong'ang'ania. Vile vishimo vya mpira wa gofu ni kwa kazi hiyo hiyo. Sasa mpira laini kama embe, kwa kasi ile na mzunguko wa wastani, upande unaopingana na hewa ndiko kasi inakokuwa kubwa zaidi, kwa hiyo huko tu ndiko hewa inakovurugika na kung'ang'ania. Upande wa pili bado kimya, unaachia mapema. Kila kitu kinageuka, na mpira unapinda kinyume. Vile vimpira laini vya plastiki vya watoto hufanya mchezo huu, ndiyo maana mtoto anachonga huku kinakwenda kule na mnamwambia hajui kupiga. Mwezi wa tatu niliwaeleza hadi Jabulani, mpira wa Kombe la Dunia la 2010, vipande 8 vilivyounganishwa kwa joto, na makipa walivyolalamika kwamba unayumba. Niliwaambia, "Vijana, uso wa mpira ndio kila kitu." Halafu nikakaa barazani na kijiko.

Kama mshono umeachia, shoneni. Kama hakuna sindano, zibeni pale palipoachia tu, kipande cha urefu wa kidole, mishono mingine iachwe ipumue.

Mengine hayana maana sana. Tulifungwa hiyo moja, mbuzi akaenda mtaa wa juu. Kanzu nimeilipia, fundi nguo anasema gundi itatoka kwa mafuta ya taa, vumbi hana uhakika. Mjomba hakuumia, alikula kwetu, akasifu samaki, akarudi Newala na basi la asubuhi. Kikao cha posa kimesogezwa mpaka korosho ziuzwe, sababu haikutajwa. Mchumba wangu anajibu ujumbe, ila kwa herufi moja moja.

Jana jioni nilibandua solotepu yote, nikashona mshono, nikarudi pale pale peke yangu. Mita 22, shibiri moja, nyuzi 45. Nilipiga sita. Tano zilipinda kushoto vizuri kabisa, mbili zikaingia. Aliyeona ni yule mbuzi, bado hawajamchinja, wamemfunga chini ya mkorosho. Nimempigia simu kipa wetu kumweleza. Ameniambia nirudie taratibu, anarekodi.