Kutapika si ushahidi kwamba dawa inafanya kazi

Jumapili iliyopita nilikwenda kumjulia hali jirani yangu hapa Malaba. Binti yake ametoka Kampala juzi, dripu ya kwanza ya kansa. Nilimkuta mtoto amejikunja mkekani, beseni ubavuni, midomo imekauka hadi inapasuka. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia mama mtu, kwa nia njema kabisa: "Usihofu mama, akitapika ujue dawa inafanya kazi. Uchafu unatoka." Watu wote sebuleni wakaitikia. Mimi niliaga mapema nisije nikamvunjia mzee heshima, lakini neno lile nimelala nalo wiki nzima.

Hakuna uchafu unaotoka. Kinachotoka ni uji, maji na nguvu za mtoto. Zile dawa zikiingia mwilini hushtua utumbo, utumbo humwaga kemikali inayoitwa serotonini, nayo hupeleka habari kwenye ubongo: tapika. Kansa inaweza kuwa inayeyuka bila mtoto kutapika hata mara moja, na anaweza kutapika hadi nyongo na uvimbe usipungue. Tena dawa zenyewe hazilingani. Sisiplatini hutapisha vibaya sana, vinkristini karibu haitapishi kabisa. Kwa hiyo daktari anaweza kukadiria mapema ni mtoto yupi ataumia, na dawa ya kuzuia ipo. Ondansetroni huifungia ile serotonini mlango, mradi itolewe kabla.

Kabla! Hapo ndipo moyo wangu unapouma.

Mwana wa dadangu alikuwa na miaka sita alipopata ule uvimbe wa kansa wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 kutokana na watoto wa hapa hapa Uganda. Dripu ya kwanza aliwekewa bila chochote cha kuzuia. Sindano ililetwa alipokwisha kutapika mara nne, dada akiwa amelowa hadi gauni la ndani. Ya pili, tukaambiwa dawa imeisha, tukanunue nje, na pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya nauli ya kurudi.

Safari ya tatu ndiyo sitaisahau. Mnaojua barabara ya Jinja ya kwenda Kampala mnajua Namawojjolo: matatu ikisimama tu, vijana wanakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, na gonja, ndizi za kuchoma, ya moto. Mtoto yule alikuwa anaililia ile kuku tangu Iganga. Siku hiyo, kabla hata ya kusimama, akanishika mkono. "Mama mdogo, funga dirisha." Akatapika magotini pangu. Hajaguswa na sindano, hospitali bado iko mbali. Kichwa chake kilikuwa kimejifunza kwamba harufu ile maana yake ni dripu.

Dripu hiyo ya tatu, sista mwingine, muuguzi wa wodini, aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Mara iliyopita alitapika siku ngapi?" Nusu saa kabla ya dripu akampa ondansetroni, na vidonge vya kwenda navyo nyumbani, kwa sababu kutapika kwaweza kuendelea siku kadhaa baadaye. Jioni ile mtoto alikunywa nusu kikombe cha uji na kuomba kingine. Lakini pale Namawojjolo mtoto aliendelea kutapika hadi matibabu yalipokwisha. Kitu ambacho kichwa kimeshajifunza, ondansetroni haikifuti vizuri. Ndiyo maana dripu ya kwanza ina uzito kuliko zote.

Na kabla ya hiyo ya tatu, dada alikuwa ameniambia usiku, taa imezimwa, "Simrudishi tena. Afie nyumbani akiwa ametulia." Huyu ni mama anayempenda mwanawe. Wengi wanaoacha matibabu katikati tunawaita wajinga au washirikina, wakati wengine wamechoka tu kushika beseni. Uvimbe wa Burkitt unaweza kupona mtoto akimaliza dripu zake. Huyu wetu alimaliza, leo yuko P.4, darasa la nne.

Nakubali, masista ni wachache na wodi zimejaa, na sio wao wanaoagiza dawa. Nakubali pia kwamba wako watoto watakaotapika hata wakipewa kila kitu, na kwamba ondansetroni hufunga choo. Metoklopramidi, dawa nyingine ya kuzuia kutapika iliyozoeleka, huweza kumpinda mtoto shingo na macho, hivyo msimpe tu kwa kuwa duka la dawa linayo. Na jamani, vaeni glavu mnaposafisha matapishi siku mbili baada ya dripu, maana dawa imo mle. Mtoto akishindwa kushika hata maji, au akipata homa, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Dripu ya pili ya binti wa jirani ni wiki ijayo. Nimerudi kwao jana, tumeandika pamoja kwenye kidaftari chake cha matibabu siku alizotapika na mara ngapi, ili amwonyeshe daktari na kuomba dawa ya kuzuia dripu ikiwa bado haijatundikwa. Ameniomba nimsindikize. Nitakaa mimi upande wa dirisha, na tukikaribia Namawojjolo nitalifunga mapema.