Umefikisha wangapi?

Kila Alhamisi usiku, watoto wakishalala, naandika barua ya wiki kuhusu kilimo cha mboga uani na kuituma kwa barua pepe. Mwezi wa kumi na nne huu. Wasomaji walikuwa 143, na mmoja ni mimi mwenyewe, nilijiandikisha ili nione kama inafika.

Uchache haunikeri. Kinachonikera ni wale wa "nakusoma sana, usiache!" Naangalia orodha, simwoni. Nikimtumia kiungo: "Si unitumie tu hapa hapa WhatsApp?" Shemeji yangu ndiye bingwa. Iwe msibani, iwe harusini, swali ni moja: "Umefikisha wangapi?" Habari za mchicha hajawahi kuuliza.

Na hizo takwimu zenyewe! Ili kujua nani kafungua, mtambo unaficha kipicha kisichoonekana ndani ya barua, kikipakuliwa, umehesabiwa. Basi tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kukipakua yenyewe hata kama mtu hajasoma neno. Kwa wenye Gmail, barua yangu mara nyingi inaangukia kwenye matangazo, jirani na punguzo la viatu. Sasa hapo nishangilie nini?

Juzi mmoja kajitoa. Nikafunga kompyuta, nikasema basi. Asubuhi nakuta mama mmoja wa Mbeya kajibu: sukuma wiki yake imeingia vidukari, afanyeje?

Haya, Alhamisi hii ni vidukari. Shemeji, tuko 142.